Wanaofika Mlimani Kabla ya Magari

Magari ya uokoaji hayakufika Nametsi jioni ile, kwa sababu njia ya gari haikuwepo. Ilikuwa tarehe 1 Machi 2010. Baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Elgon ulikatika juu ya kijiji hicho cha gombolola la Bukalasi, wilayani Bududa, ukafukia nyumba, maduka na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejibanza kukwepa mvua. Waliofukua mwanzo walikuwa majirani walionusurika, kwa majembe na mikono mitupu. Wanajeshi na watu wa Msalaba Mwekundu walipopanda, nao walifukua kwa majembe na sepetu, maana tingatinga haliwezi kupita kwenye kijia cha miguu kilichogeuka utelezi. Waliokufa na waliopotea moja kwa moja walizidi 300, na wengi wao wamelala mle mle ardhini mpaka leo.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mashariki ya Uganda ni mahali pa kuiona maana yake wazi. Kutoka Kampala hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 200. Msafara wa misaada huvuka Nile, ukapita Jinja, ukashika Iganga na barabara ya Tirinyi kati ya mashamba ya mpunga, hadi Mbale chini ya jabali la Wanale. Hapo ndipo safari ngumu inapoanza. Lami huisha, murramu ikafuata, kisha murramu nayo huisha, na kilichobaki ni kupanda kwa miguu huku mzigo uko begani. Aliyefukiwa chini ya udongo hawezi kusubiri muda wote huo. Akiokolewa, atakuwa ameokolewa na mtu wa karibu.

Kwa hiyo swali la maana kuhusu misaada ya maafa si nani ana malori mengi. Ni nani, katika kila kijiji cha mlimani na kila mtaa wa bondeni, anajua la kufanya katika saa ya kwanza. Moyo wa kusaidia haujawahi kukosekana Bugisu, upande wa Mbale, wala Busoga, upande wa Jinja, lakini moyo peke yake umeua watu. Maporomoko ya udongo mara nyingi hufuatwa na mengine, na wanaokimbilia kufukua bila kuangalia juu hugeuka kuwa waathirika wa awamu ya pili. Kinachomtenganisha jirani anayeokoa na jirani anayefukiwa baadaye mara nyingi ni mafunzo ya siku chache tu.

Kazi ya kutoa mafunzo hayo, na ya kuwaita watu siku mambo yanapoharibika, kwa sehemu kubwa imeangukia Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda. Chama hicho kilianza mwaka 1939 kama tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Baada ya uhuru kikapata sheria yake bungeni mwaka 1964, na mwaka uliofuata kikapokelewa katika shirikisho la kimataifa, ambalo leo lina vyama vya taifa 191 na watu wa kujitolea zaidi ya milioni 16 duniani. Kujitolea ni moja ya misingi saba ya harakati hiyo, iliyotangazwa Vienna mwaka 1965. Asili ya harakati yenyewe ni vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, mwaka 1859, ambako mfanyabiashara wa Uswisi, Henri Dunant, aliwakuta wanawake wa mji wa Castiglione wakiwahudumia majeruhi wa pande zote bila kuuliza wa nani. Hata pale walioanza walikuwa majirani. Mgeni aliwaona, akaandika, na utaratibu ukazaliwa.

Mbale na Jinja zote mbili zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na zote zina matawi ya chama hiki. Lakini shida zao hazifanani, na mtu anayejitolea Jinja hujiandaa kwa mambo ambayo mwenzake wa Mbale huenda asiyaone mwaka mzima.

Tuanze na mlima. Elgon ni volkano iliyozimika, yenye kilele cha mita 4,321, na udongo wake mwekundu una rutuba ya ajabu. Kahawa ya arabika, ndizi, maharage na vitunguu hustawi hadi kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kusimama. Rutuba hiyo ndiyo iliyowajaza watu. Bududa ni miongoni mwa wilaya za vijijini zenye msongamano mkubwa zaidi Uganda, na familia iliyokosa nafasi bondeni huchonga ubavu wa kilima, ikasawazisha kipande, ikajenga. Udongo wenyewe una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hushuka hadi yakutane na tabaka lisilopitisha, udongo wa juu unakuwa mzito na kushikana kwake kunapungua. Miti mikubwa yenye mizizi mirefu ingeweza kuushikilia kwa kiasi, lakini sehemu kubwa imekatwa, na mgomba hauna mizizi ya kazi hiyo. Mteremko uliochongwa kwa ajili ya nyumba huwa umekwisha kupoteza nguzo yake ya chini.

Mambo haya si mapya. Mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliua watu 48 katika eneo hilo, wakati huo likiitwa Manjiya. Baada ya Nametsi kikaja kisa cha tarehe 11 Oktoba 2018, ambapo udongo, magogo na mawe makubwa vilishuka na mto Suume mchana hadi kwenye kituo cha biashara, vikaua zaidi ya watu 40. Kisa hicho kiliwafundisha wengi jambo ambalo hawakulizingatia, kwamba mtu anaweza kuishi mbali na mteremko unaotisha na bado mteremko ukamfuata kwa njia ya mto. Kisha, tarehe 27 Novemba 2024, ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli. Vijiji vya Masugu na jirani zake katika gombolola la Buluganya vilifunikwa, na Msalaba Mwekundu ulitangaza kwamba nyumba kama 40 zilikuwa zimefukiwa. Wakati huo huo mito ilifurika huko chini, barabara ya Mbale kwenda Moroto ikakatika, na waliotaka kusaidia kutoka upande wa pili wakabaki wanatazama maji.

Mtu wa kujitolea aliyefunzwa, akifika mahali kama Masugu, hufanya kwanza jambo linalowaudhi wanaolia. Husimama. Hutazama mteremko wa juu kama una nyufa, husikiliza, huuliza mvua imenyesha kwa muda gani, na huchagua mtu mmoja asiyefukua kabisa, ambaye kazi yake ni kuangalia mlima na kupuliza filimbi. Baadaye wanaofukua hupangwa kwa zamu, na kila baada ya muda wote hunyamaza ili kusikiliza kama kuna sauti chini. Mama wa nyumba iliyofukiwa huulizwa taratibu kila mtu alikuwa amekaa wapi jioni ile: nani jikoni, nani chumbani, nani alikuwa ametoka kufunga ng'ombe. Majibu hayo ndiyo yanayoamua jembe lianzie wapi.

Majeruhi akitolewa, huwa hana machela. Hutengenezwa kwa blanketi na miti miwili, kingo zikikunjwa juu ya mti ili uzito wake mwenyewe uzibane. Wabebaji sita hadi wanane hupokezana, maana kushuka mteremko wenye tope na mtu aliyevunjika mguu ni kazi ya kuua mgongo. Mguu wenyewe hufungwa kwanza kwa ubao au tawi lililonyooka, kwa kanga au kitambaa chochote kilichopo. Haya hufundishwa kwa vitendo, na asiyewahi kuyafanya kwenye uwanja mkavu hawezi kuyabuni gizani.

Kisha kuna kazi ambayo watu hawapendi kuizungumzia, nayo ni ya maiti. Imani kwamba miili ya waliokufa kwenye mafuriko au maporomoko italeta magonjwa ya mlipuko imeenea sana, na huzaa haraka ya kuzika wengi pamoja. Mwongozo wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu na Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba hatari hiyo ni ndogo sana. Waliokufa kwa majeraha au kwa kuzama hawakuwa wagonjwa wa mlipuko. Tatizo kubwa ni kinyume chake, yaani kuzika bila kumtambua aliyezikwa. Kwa hiyo kabla mwili haujasogezwa hupewa namba. Namba huandikwa kwenye kitambulisho kisicholowa, kikafungwa mkononi au mguuni. Mahali ulipopatikana huandikwa, picha hupigwa, nguo na pete huorodheshwa. Bugisu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kina Masaba na kina Nambozo wamejaa kila kijiji. Daftari lisiloandika jina la baba, kijiji na ukoo halimsaidii mtu yeyote anayemtafuta ndugu yake.

Daftari, kwa kweli, ndilo chombo kinachodharauliwa kuliko vyote katika kazi hii. Watu wakikusanyika shuleni au kanisani, mtu wa kujitolea hukaa mezani tangu asubuhi akiandika kaya moja baada ya nyingine: mkuu wa kaya, idadi ya watoto na umri wao, mjamzito, anayenyonyesha, mzee asiyejiweza, mlemavu, mgonjwa anayemeza dawa kila siku. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, huketi pembeni kuthibitisha kwamba wanaojiandikisha ni watu wake. Asipokuwepo, majina ya kaya zisizokuwepo huingia, na blanketi zikaisha kabla walengwa hawajafikiwa. Siku ya kugawa, mzozo ukizuka, kinachoutuliza ni ukurasa ulioandikwa vizuri. Wako pia watoto waliotengana na wazazi wao. Hao huandikiwa fomu yao, kwa sababu Msalaba Mwekundu una huduma maalumu ya kuunganisha familia zilizotawanyika, na huduma hiyo huanza na majina sahihi.

Mbale mjini ilipata zamu yake usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Mvua ilinyesha juu ya milima, mito Nabuyonga na Namatala ikajaa na kuvunja kingo, maji yakaingia mitaani watu wakiwa wamelala au wako safarini. Zaidi ya watu 20 walikufa. Mabomba ya maji yalisombwa, na serikali ilisema watu wapatao 400,000 walibaki bila maji safi. Ni jambo linalouma: mji umejaa maji hadi madirishani, na hakuna ya kunywa. Tena ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba wa Bugisu inayofanyika kila mwaka wenye namba shufwa, na Mbale ilikuwa ikijiandaa kupokea umati wa watu kwenye uwanja wa Mutoto mwezi wa Agosti.

Katika hali kama hiyo, anayeokoa maisha mengi huenda ni yule anayepita nyumba kwa nyumba na kisanduku cha vidonge. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 husafisha dumu la lita 20. Maelekezo yanaonekana mepesi, lakini kila hatua ina mtego wake. Maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, maana tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Kidonge hutiwa, dumu hutikiswa, mtu husubiri nusu saa. Anayekunywa kabla ya hapo amekunywa maji machafu yenye harufu ya dawa. Wengine hukataa kwa sababu ya harufu hiyo, wengine hudhani ni dawa ya uzazi wa mpango, wengine hukiweka mdomoni kama kidonge cha malaria. Kwa hiyo anayegawa hachukui njia ya mkato ya kuacha pakiti mlangoni. Anafanya mbele ya mama wa nyumba, dumu la kwanza, na anarudi baada ya siku mbili kuona kama la pili limefanywa vilevile. Anaongea Lumasaba na bibi, Kiswahili na muuza duka, Luganda na kijana wa boda boda. Mgeni kutoka mji mkuu, hata awe na shahada ngapi, hawezi kuingia jikoni mwa mtu kwa urahisi namna hiyo.

Jinja ni habari nyingine. Mji huu umekaa pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria, na kipimo cha maji cha Jinja ndicho kinachotumika kusoma kimo cha ziwa zima. Mwezi wa Mei 2020 kipimo hicho kilifika mita 13.42, kikaivuka rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea kilikuwa kimesukumwa na upepo hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, na nchi nzima ikaingia gizani. Kwenye mialo ya ziwa, maji yalipanda polepole, wiki baada ya wiki, yakaingia kwenye vibanda vya samaki, kisha kwenye nyumba, kisha kwenye vyoo.

Mafuriko ya ziwa hayana kelele. Hayaui watu mia kwa usiku mmoja, ndiyo maana magazeti huyasahau haraka. Lakini choo cha shimo kikijaa maji, kilichomo hutoka na kuenea kwenye maji yale yale ambayo watoto wanaogea na wanawake wanachota. Kipindupindu, kuhara na kichocho hufuata njia hiyo. Mtu wa kujitolea wa ufukweni hahitaji kamba wala sepetu kama mwenzake wa Bududa. Anahitaji kujua choo kipi kimezama, familia ipi imehamia kwa shemeji, na ni mvuvi gani mwenye sauti ambaye akisema maji yachemshwe, wenzake watachemsha. Mwaka ule kazi hii ilifanyika wakati wa korona, usafiri wa umma umezuiwa, na kugusana kumegeuka hatari.

Kisha ikaja Ebola. Mlipuko wa aina ya Sudan ulitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, na mwezi Novemba ukathibitishwa kufika Jinja. Hadi ulipotangazwa kwisha, Januari 2023, wagonjwa 55 waliothibitishwa walikuwa wamekufa. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, mlipuko mwingine ulitangazwa, na mgonjwa wake wa kwanza kujulikana alikuwa amepitia hospitali Mbale kabla ya kufa Kampala. Miji yote miwili ikawa imeguswa na ugonjwa ambao maiti yake, tofauti na ya maporomoko, ni hatari kweli.

Hapa ndipo kujitolea kunapofika mwisho wa ushujaa unaoonekana na kuanza ushujaa wa namna nyingine. Timu za maziko salama za Msalaba Mwekundu huingia kwenye boma lenye msiba. Wasipokuwa waangalifu huonekana kama watu waliokuja kuiba maiti. Kwa hiyo hawashuki garini wakiwa wamevaa yale mavazi yanayofunika mwili mzima. Hushuka na nguo zao za kawaida, hutoa pole, hukaa chini na wazee, huuliza familia inataka sala gani, nani atatupa udongo wa kwanza, kaburi lielekee wapi. Mavazi huvaliwa mbele ya wote, ili kila mtu aone kwamba ndani yake kuna binadamu, kijana wa mtaa fulani, mtoto wa mtu fulani. Baba wa marehemu anaruhusiwa kutazama kwa umbali wa salama, na sheikh au mchungaji anasoma dua. Kisha klorini hupulizwa, mwili huwekwa kwenye mfuko maalumu, na safari ya kaburini huanza. Familia iliyoshirikishwa hivyo haifukui kaburi usiku. Iliyonyang'anywa maiti yake huenda ikaficha mgonjwa anayefuata, na hapo ugonjwa hupata mlango.

Yote haya ni ya baada ya tukio, au wakati wake. Lakini kazi yenye faida kubwa kuliko zote hufanyika wakati hakuna anayelia, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyopigwa picha.

Mfano mzuri umetoka si mbali na Mbale. Novemba 2015, msimu wa El Niño, utabiri ulionyesha uwezekano mkubwa wa mafuriko Kapelebyong, katika nchi ya Teso. Msalaba Mwekundu wa Uganda, ukisaidiwa na wenzake wa Ujerumani, haukusubiri maji. Fedha zilikuwa zimetengwa mapema, na kiwango cha utabiri kilichokubaliwa kilipofikiwa, zilifunguliwa. Kaya zikapewa madumu, sabuni, vidonge vya maji, magunia ya kuhifadhia chakula na sepetu za kuchimba mifereji. Kisa hicho kinatajwa kuwa cha kwanza duniani ambapo fedha za misaada ziliachiliwa kwa kufuata utabiri badala ya maafa yenyewe. Leo utaratibu wa namna hiyo umeenea katika nchi nyingi, na mizizi yake iko kwa watu wa kujitolea waliobeba madumu katika kijiji ambacho wengi Kampala wasingeweza kukionyesha kwenye ramani.

Mlimani, maandalizi yana sura ya chini zaidi. Vigingi viwili hupigwa upande huu na huu wa ufa wa ardhi, kamba ikafungwa katikati, na kila asubuhi mtu huangalia kama imekaza. Chupa ya plastiki iliyokatwa na kuwekewa mistari hupima mvua. Watu hufundishwa dalili: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, miti inainama upande mmoja, chemchemi inatoa maji ya tope au inakauka ghafla, mto unapungua wakati mvua inanyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kutisha kuliko zote, kwa sababu ina maana kwamba huko juu kitu kimeziba maji, na kikipasuka hakitaomba ruhusa. Mtu aliyepewa jukumu la kugonga kengele ya kanisa au kutangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti usiku wa manane lazima awe na ujasiri wa kukosea, maana watu wakiamshwa bure mara mbili humtukana.

Upo pia upandaji miti. Mpango wa miti wa Mbale, unaoungwa mkono na watu wa Wales, ulifikisha miti milioni 10 mwaka 2019 na kuendelea. Mti hauzuii kila poromoko, hasa udongo ukiteleza kwenye tabaka la chini kabisa, lakini mteremko wenye miti unapewa nafasi ambayo mteremko mtupu hauna.

Suala la kuhama ndilo linalowaweka wanaojitolea njia panda. Baada ya Nametsi, mamia ya familia zilipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa na nyumbani. Baadaye serikali ilianza kujenga makazi Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, na familia za kwanza kutoka Bududa zikahamia mwaka 2019. Wako waliotulia. Wako pia waliorudi mlimani, kwa sababu kahawa iko kule, makaburi yako kule, na shamba la mtu ndilo benki yake. Mtu wa kujitolea anayeishi nao haifai ageuzwe kuwa mtu wa kufukuza. Akishaonekana hivyo, hatafunguliwa mlango siku ya vidonge. Anachoweza kufanya kwa uaminifu ni kueleza hatari ilivyo, kufikisha maswali ya watu kwa ofisi ya wilaya, na kutoahidi asichokuwa nacho. Sheria hii ya kutoahidi hurudiwa katika kila mafunzo ya kuwatuliza waliofiwa, na ni ngumu zaidi kuifuata kuliko inavyosikika. Mtoto akiuliza mama yake atapatikana lini, ulimi hutaka kusema kesho.

Na gharama yake ni nani anailipa? Mara nyingi ni mwenye kujitolea mwenyewe. Mvua kubwa za Septemba hadi Novemba huangukia msimu wa kuchuma kahawa, kwa hiyo siku aliyoitumia kufukua ni siku ambayo kahawa yake imebaki mtini. Posho ya usafiri na chakula huenda ikaja, huenda ikachelewa. Viatu vya mpira huvuja. Usiku, miili iliyotolewa ardhini hurudi akilini. Shirikisho la kimataifa lina mpango wa bima ya ajali ambao vyama vya taifa vinaweza kuwaandikisha watu wao, na si haki mtu kupelekwa chini ya mteremko uliolowa bila bima hiyo. Wilaya nazo, zenye kamati za maafa kwa mujibu wa sera ya taifa, zina wajibu wa kutenga fedha za mabuti, makoti ya mvua, tochi na mazungumzo na mshauri baada ya kazi. Kumshukuru mtu kwa cheti wakati hana viatu ni kumnyima haki yake.

Anayetaka kuingia hahitaji kuwa daktari. Jinja na Mbale zina wanafunzi wengi wa vyuo, madereva wa boda boda wanaofika kwenye ajali kabla ya polisi, akina mama wa vikundi vya akiba wanaojua kila nyumba, na walimu wastaafu wenye mwandiko unaosomeka. Kila mmoja ana mahali pake. Dereva wa boda boda aliyejifunza kuzuia damu kwa kukandamiza kidonda ni wa thamani zaidi kwenye barabara ya Jinja kwenda Iganga kuliko mtu mwenye simu ya kupigia picha. Asiyeweza kupanda mlima anaweza kuchangia damu, kwa sababu Mbale ina benki ya damu ya kanda, na Msalaba Mwekundu husaidia kuhamasisha wachangiaji.

Mlango ni ofisi ya tawi. Mtu hujiandikisha, hufundishwa misingi na huduma ya kwanza, kisha huwekwa kwenye kikundi cha mtaa wake chenye kiongozi na orodha ya simu. Wakati mzuri wa kwenda ni Januari na Februari, mvua za Machi hazijaanza na wakufunzi wana nafasi. Kazi ya kwanza anayopewa mgeni huenda ikawa kuhesabu madumu stoo, kukunja maturubai yaliyorudi na tope, au kupiga kila namba kwenye orodha ya mwaka jana kuona nani bado anapatikana. Afanye kwa makini, hasa ile ya simu, kwa sababu namba iliyokufa itagundulika ama Februari ofisini, ama usiku wa Novemba wakati mto umeshavunja kingo.